Gari la zamani limepoteza nguvu na ekzosi inanguruma: tupeane uzoefu wa kutafuta chanzo

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa sababu tatizo hili limenitesa miezi minne, na karibu kila niliyemweleza alinipa jibu kabla hajauliza swali hata moja. Naomba yeyote aliyewahi kuwa na gari lenye umri mkubwa, likaanza kukosa nguvu huku ekzosi ikipiga kelele, atueleze ilikuwaje: kipi kilianza, alipima nini, mwisho wake ilikuwa nini. Naanza na langu.

Ni saluni ya petroli, silinda 4, lita 1.8, miaka 19. Mwanzoni lilikuwa zito kwenye mlima tu. Mlima niliozoea kuupanda kwa gia ya nne nikawa naupanda kwa ya tatu, baadaye ya pili. Kwenye tambarare ukiendesha taratibu huoni kitu. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho linafika mizunguko 3000 kwa dakika, hapo linagoma, kama mtu anayepumua huku amezibwa pua. Nikabadilisha plagi, filta ya hewa na filta ya mafuta. Hakuna. Nikaambiwa ni pampu ya mafuta, nikaweka nyingine. Hakuna.

Wiki ya tano kelele ikaanza, sauti ya kupasuka-pasuka chini ya miguu ya abiria wa mbele, inazidi kila ninapokanyaga. Hapa naomba msome taratibu: siku kelele ilipoanza, gari lilipata nafuu. Lilipanda ule mlima kwa gia ya tatu tena. Jambo hilo sikulipa uzito. Nikapeleka kwa fundi, akakuta gasketi ya kiungo cha bomba la mbele imeliwa, akaweka mpya na kukaza bolti. Kelele ikaisha kabisa. Nilipotoka pale gari halikuweza kuvuka hata mizunguko 2500.

Fundi wa pili alipoisikia habari hii hakushika spana. Aliuliza, "Kelele ilipokuja, nguvu iliongezeka au ilipungua?" Nilipojibu, akaleta geji ya vakyumu (kipimo cha mvuto wa hewa) na kuichomeka kwenye mpira wa manifoldi ya kuingizia hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Gari likiwa limewaka bila kukanyagwa, sindano ilitulia kwenye inchi 18 za zebaki. Hiyo ni kawaida. Injini yenye afya huwa kati ya 17 na 21 ukiwa usawa wa bahari, na hupungua kama inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda juu. Kisha akashikilia mizunguko 2500 bila kusogeza mguu. Sindano ikaanza kuteremka yenyewe: 17, 15, 12. Moshi ulikuwa unaingia kwenye bomba upesi kuliko unavyotoka.

Masega, yaani kile kisafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi chenye vijitundu kama sega la nyuki, yalikuwa yameyeyuka na kushikana. Koili (inayotoa umeme wa cheche) ya silinda ya 3 ilikuwa dhaifu kwa muda mrefu, petroli isiyoungua ikawa inakwenda kuwakia ndani ya masega. Ile gasketi ililiwa kwa sababu moshi ulikuwa unatafuta pa kutokea, na ilipofunguka injini ikapata pa kupumulia. Kumbe fundi wa kwanza alipoziba aliziba njia pekee iliyobaki. Sikumlaumu, maana nilimpelekea kelele, sikumpelekea habari nzima.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni hilo hilo nililoulizwa mimi: kipi kilitangulia, na kimoja kilipobadilika, kingine kilifanya nini?

#2

Asante kwa uzi huu mkuu. Langu lilikuwa karibu sawa na lako, ila sikuwa na geji. Nilifungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, nikaliendesha mwendo mfupi tundu likiwa wazi. Lilipiga kelele mno, lakini lilivuta kama zamani, na hapo nikajua njia ya moshi imeziba mbele zaidi.

Tahadhari kwa atakayejaribu: moshi unaotoka kwenye lile tundu unaweza kuunguza nyaya na mipira iliyo jirani, kwa hiyo angalia kwanza unaelekea wapi, na usiende mbali. Fungua sensa injini ikiwa vuguvugu. Ikiwa baridi kabisa huwa imeng'ang'ania, na ukilazimisha unaondoka na nyuzi za tundu. Wenye vifaa huchomeka kwenye tundu hilo hilo geji ya kupima msukumo wa moshi. Ukiona unavuka psi 3 kwa mizunguko 2500, kuna kizuizi.

#3

Mimi ni mtu wa dizeli. Pikapu yenye tabo (turbo, pampu ya kuongeza hewa kwenye injini), kazi yake ni kubeba mizigo, na ina kilomita nyingi kuliko ninavyopenda kuzitaja.

Kilichotangulia kwangu ni sauti. Asubuhi nikiwasha injini ya baridi nasikia tik-tik-tik-tik upande wa ekzosi, dakika kumi baadaye imepotea. Nikadhani ni tapeti (vipande vinavyosukuma valvu). Miezi miwili ikapita, sauti ikaacha kupotea, ikageuka mlio wa hewa inayovuja ninapokanyaga, na moshi mweusi ukaanza kutoka nyuma nikiwa na mzigo. Nguvu ikaisha kabisa. Fundi akasema tabo imekufa, tafuta nyingine.

Kabla ya kununua, rafiki yangu mwenye uzoefu wa mitambo alinishauri nitafute masizi. Tukatoa kinga ya joto inayofunika manifoldi ya ekzosi, tukamulika kwa tochi. Kati ya manifoldi na silinda hedi (kichwa cha injini), upande wa silinda ya mwisho, palikuwa na mstari mweusi umesambaa kama unyoya. Bolti moja ilikuwa imekatika ndani, nyingine imelegea.

Maelezo aliyonipa nimeyashika hadi leo. Chuma kikiwa baridi kimejikunja na mwanya unakuwa wazi, ndiyo maana sauti ilisikika asubuhi. Kikipata joto kinatanuka na kuubana ule mwanya, sauti inapotea. Mtu anafurahi kwamba gari limejiponya. Na kwenye injini ya tabo, moshi huo ndio unaozungusha tabo yenyewe. Ukivujia kabla haujaifikia, tabo inazunguka kivivu, hewa inayosukumwa kuingia kwenye injini inapungua, dizeli inabaki nyingi kuliko hewa, na hapo ndipo moshi mweusi unapotokea. Tabo yangu ilikuwa nzima. Ilikuwa inanyimwa chakula chake.

Kuitoa ile bolti iliyokatika ndiyo ilikuwa kazi. Tulichomelea nati juu ya kipande kilichobaki. Joto la kuchomelea likailegeza, tukazungusha kwa spana polepole, ikatoka. Kisha tukaweka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi na kupitisha vipimo vya bapa (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake: ilikuwa imepinda. Kama tungeweka gasketi mpya juu ya uso uliopinda, ingedumu wiki chache tu. Ikapelekwa kwa fundi wa kuchonga ikanyooshwa, ikawekwa gasketi mpya na bolti mpya zote, zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Hadi leo ni mwaka wa tatu.

#4

Nyongeza kwa waliopata masega yaliyoziba. Mimi nilibadilisha masega, nikalipa, nikaondoka, na gari likabaki zito vile vile. Nilihisi kuchanganyikiwa, maana kipimo kilikuwa kimeonyesha kizuizi kweli.

Masega ya zamani hayakuwa yameyeyuka, yalikuwa yamevunjika vipande. Vipande vikasafiri na moshi hadi kwenye mafla, lile kopo kubwa la nyuma linalopunguza sauti, vikajikusanya kwenye vijitundu vya ndani. Ukilipiga kopo kwa ngumi iliyofungwa, gari likiwa limepoa, unasikia kama mawe kwenye mkebe. Kwa hiyo aliyekuta masega yamevunjika asifunge kazi bila kugonga na kusikiliza kila kopo lililoko nyuma yake.

Jambo jingine linalofanana: kuna mabomba ya ekzosi yenye kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Ukuta wa ndani unaweza kuporomoka na kufunga njia huku nje bomba linang'aa. Hilo sikulipata mimi, lilimpata jirani yangu, na walilitambua kwa kupima msukumo wa moshi kipande kwa kipande, wakianzia mbele kwenda nyuma.

#5

Yangu ni fupi. Sauti ya tuf-tuf-tuf, nguvu pungufu, injini inamisi (silinda inaruka pigo bila kuwaka). Watu watatu walisema ni manifoldi ya ekzosi. Nilikuwa karibu kuagiza. Nikachukua mpira mrefu wa maji, ncha moja sikioni, nyingine nikawa naisogeza juu ya injini kidogo kidogo, mbali na feni na mikanda. Kwenye manifoldi kimya. Kwenye plagi ya silinda ya 2, ilinipiga sikioni. Plagi ilikuwa imelegea, haikukazwa vizuri ilipobadilishwa, na mgandamizo wa silinda ulikuwa unatokea pembeni mwake.

Niliitoa, nikakagua nyuzi za tundu, zikawa salama, nikairudisha na kukaza kwa kipimo. Sauti, misi na udhaifu viliondoka pamoja.

#6

Ndugu zangu, naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu mnaongelea nguvu na mimi naongelea roho za watu.

Gari letu lilikuwa na kelele ya ekzosi kwa muda mrefu na halikuwa na nguvu sana, nasi tukaizoea. Siku ya safari ndefu mvua ilinyesha, tukafunga vioo vyote. Baada ya kama saa moja mtoto wangu mdogo akasema kichwa kinamuuma. Mkubwa akalala, na si kawaida yake kulala safarini. Mimi nikaanza kusikia kichefuchefu. Nilidhani ni uchovu. Mume wangu ndiye aliyeshtuka, akasimamisha gari pembeni, akafungua milango yote, akatutoa nje kwenye mvua. Tukiwa nje, baada ya muda, tukaanza kupata nafuu, tukaenda kupimwa hospitali.

Bomba lilikuwa limetoboka chini ya kiti cha nyuma, na sakafu ya gari ilikuwa na tundu la kutu karibu na hapo. Tulichokuwa tunavuta ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inajishika na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mwili unakosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida. Harufu ya moshi inaweza kukusaidia kutambua kwamba kuna mvujo, lakini kutosikia harufu hakumaanishi uko salama.

Nawasihi: anayesoma hapa akiwa na ekzosi inayovuja, asingoje mwisho wa mwezi. Na hapo katikati asisafiri na watoto vioo vikiwa vimefungwa, na asiwashe gari ndani ya banda kusikiliza sauti inatoka wapi. Mkague na sakafu ya gari pia, hasa buti na chini ya mazulia.

#7 (mwanzisha uzi)

Dada #6, pole sana na asante kwa kutueleza. Nimetoka kulikagua la kwangu jioni hii hii baada ya kukusoma.

Kuna waliouliza pembeni kama badala ya kununua masega mapya si bora kuyatoa tu na kuacha kopo tupu. Nitasema ninavyoona. Masega yanageuza gesi hiyo hiyo aliyoitaja dada kuwa kitu chenye nafuu kwa anayepumua nyuma yako, na katika nchi nyingi ni kosa kisheria kuyatoa. Halafu sensa ya oksijeni ya nyuma itaona tofauti, taa ya injini itawaka na kodi P0420 (namba ya hitilafu inayosema masega hayafanyi kazi sawasawa), na taa hiyo ikishawaka muda wote hutajua siku tatizo jingine linapoanza. La muhimu kuliko yote, ni kwamba kinachoua masega mara nyingi kiko kabla yake, kwenye injini: silinda inayomisi, nozeli (mdomo wa kupulizia mafuta) inayovuja, injini inayokula oili. Ukitoa masega bila kutibu hilo, ugonjwa umebaki. Mimi ningeanza na koili miezi minne iliyopita, masega yangekuwa hai.

Pia mashine ya kusoma kodi hizo haisaidii kama jibu lake halifuatiliwi. Yangu ilitoa P0303, yaani silinda ya 3 inamisi, na fundi wa kwanza akaifuta bila kuniambia.

#8

Nimefanya kazi ya ufundi miaka mingi, sasa nimepumzika, ila injini sijaziacha. Nitaongeza moja ambayo naona haijaguswa.

Mteja alikuja na gari dogo la petroli, malalamiko yake: halivuti, linatetemeka likisimama, na ekzosi inatoa sauti isiyo na mpangilio, puf... puf... puf. Alikuwa ameshabadilisha mafla kwa sababu ya ile sauti. Nikashika karatasi nyepesi karibu na mdomo wa bomba. Injini nzima huisukuma karatasi nje kwa mapigo sawasawa. Hii iliisukuma, kisha mara moja moja ikaivuta ndani. Karatasi ikivutwa ndani, mashaka yangu ya kwanza ni valvu ya ekzosi (mlango wa kutolea moshi kwenye silinda) isiyofunga, ingawa misi ya kawaida nayo inaweza kuleta kitu kama hicho. Ndiyo maana hatuishii kwenye karatasi.

Nikapima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda), plagi zote zikiwa nje, mafuta yamekatwa, mguu umekanyaga hadi mwisho ili hewa iingie. Nikapata psi 165, 160, 95, 162. Kanuni niliyoitumia maisha yangu yote ni kwamba silinda ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu. Hii ya tatu imeanguka mbali. Nikaweka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda hiyo na kupima tena. Oili huziba kwa muda mwanya wa ringi za pistoni. Kama kipimo kingepanda sana, ugonjwa ungekuwa kwenye ringi. Kilibaki 95. Basi ni juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi. Nikasukuma hewa ya kompresa ndani ya silinda ile, pistoni ikiwa kileleni na valvu zote mbili zimefungwa, tukasikiliza. Hewa ilitoka kwenye bomba la ekzosi. Tulipofungua hedi, valvu ya ekzosi ilikuwa imeungua ukingoni, imekatika kipande kama kucha.

Na kwa nini iliungua? Tapeti hazikuwahi kurekebishwa. Watu hudhani tapeti zikilegea zinapiga kelele na ndiyo hatari. Valvu ya ekzosi kadiri inavyolika kwenye kiti chake, mwanya wake unapungua, injini inazidi kuwa kimya, na siku moja valvu haikai tena sawasawa kwenye kiti. Joto lake hutoka kwa kugusa kile kiti. Isipogusa, inaungua. Gari la zamani lenye tapeti za kurekebishwa kwa mkono likianza kuwa kimya kuliko lilivyokuwa, mimi nachukua vipimo vyangu.

#9

Kabla hamjafungua hedi, hakikisheni ni injini kweli. Langu mizunguko ilipanda vizuri ila mwendo haukupanda: klachi ilikuwa inateleza. La kaka yangu breki ya nyuma moja ilikuwa imeshika, rimu ya moto kuliko nyingine zote. Na la mwalimu wetu, zulia la miguuni lilikuwa limejikunja chini ya pedeli, mafuta hayafunguki hadi mwisho. Mwambieni mtu akanyage, ninyi mtazame kule kwenye injini kama kifuniko cha hewa kinafunguka chote. Ni dakika moja.

#10

Mimi kelele ilikuwa kwenye kile kipande cha bomba kinachojikunja, kilichosukwa kwa nyaya za chuma, kati ya manifoldi na masega. Kilipasuka, nikabadilisha. Miezi mitano, kikapasuka tena. Cha tatu nacho kikapasuka. Kila nilipoondoa gari kwa nguvu nilisikia dup chini, sikuihusisha.

Maunti ya injini (kishikizo chake chenye raba) ilikuwa imekatika raba. Injini ikawa inaruka kila ninapokanyaga, na kile kipande ndicho kilichokuwa kinaishikilia. Nilipobadilisha maunti, kipande cha nne bado kipo hadi leo. Ukifungua boneti, mwenzako akashika breki na kukanyaga mafuta kidogo gari likiwa kwenye gia, wewe ukasimama pembeni (kamwe si mbele), utauona mruko huo kwa macho.

Kuhusu nguvu: mvujo wangu ulikuwa baada ya sensa ya oksijeni, nikaona kelele tu. Mara ya tatu kipande kilipasuka juu zaidi, karibu na sensa, na hapo ndipo gari lilipoanza kula mafuta na kuwa zito. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa ndani kupitia ufa. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Plagi zangu zilikuwa nyeusi kama mkaa.

#11

Wakuu, nami naomba msaada, nimesoma yote. Nina pikapu ya zamani sana, petroli, kabureta, distribyuta (kigawa cheche) ya pointi. Imekuwa ikipoteza nguvu taratibu kwa karibu mwaka. Haimisi sana. Ekzosi imekuwa na sauti nzito, na nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga bomu nyuma. Wiki mbili zilizopita bomu moja lilipasua mafla kwenye mshono, sasa ni kelele moja kwa moja. Usiku nikifungua boneti naona manifoldi ya ekzosi inawaka wekundu hafifu. Masega haina kabisa. Kompresheni nimepima kama alivyoeleza #8: 140, 138, 142, 140. Kila mtu ananiambia nianze na mafla.

#12

Mdogo wangu #11, umefanya vizuri kuja na namba. Mafla yako ilipasuka baada ya dalili nyingine zote, kwa hiyo iache iwe ya mwisho kutengenezwa. Kompresheni yako iko sawa kwa sawa, valvu na ringi tuziweke pembeni.

Nguvu kupungua taratibu, manifoldi kuwa nyekundu na mabomu ya nyuma vinaniambia moto unawaka kwa kuchelewa. Cheche ikichelewa, mchanganyiko unaendelea kuungua wakati valvu ya ekzosi imeshafunguka. Joto lililopaswa kusukuma pistoni linaishia kwenye bomba. Mafuta machache mno kwenye kabureta yanaweza kuleta dalili zinazokaribiana na hizi, na hewa inayoingia kwenye kiungo cha ekzosi nayo huongeza mabomu, lakini wewe anza na distribyuta.

Fungua kifuniko, zungusha injini kwa mkono hadi pembe ya kamu (mhimili wenye kona katikati ya distribyuta) ifungue pointi kabisa, pima mwanya. Injini nyingi za namna yako hutaka karibu milimita 0.4, ila fuata kitabu cha gari lako. Kile kisigino cha pointi kinachosugua kwenye kamu huisha kidogo kidogo. Kikiisha mwanya unapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na cheche inachelewa nazo. Hiyo ndiyo inayochukua mwaka mzima bila mtu kugundua. Kisha chomoa mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distribyuta, unyonye kwa mdomo, uzibe kwa ulimi. Usiposhikilia, kiwambo (ngozi ya raba ndani ya kopo la vakyumu la distribyuta) kimetoboka. Ukishaweka mwanya sawa ndipo upime taimingi (wakati cheche inapotoka) kwa taa yake, maana ukibadilisha mwanya taimingi nayo inahama. Ukianza na taimingi utairudia.

Rudi utuambie.

#13 (mchangiaji #11)

Mzee wangu #12, shikamoo. Mwanya ulikuwa chini ya 0.15, kipimo chembamba kuliko vyote nilivyo navyo kilipita kwa kusukuma. Kisigino kimelika hadi kinang'aa. Mpira wa vakyumu ulishikilia, kiwambo ni kizima. Nimeweka pointi mpya, tone la grisi kwenye kamu, mwanya 0.4, nikapima taimingi: ilikuwa nyuma ya alama kwa mbali, nikaizungusha distribyuta hadi ikakaa panapotakiwa na kitabu.

Jana usiku nimepanda nayo mlima ikiwa na mzigo, nikasimama juu nikafungua boneti na kuzima tochi. Manifoldi ni nyeusi. Mteremkoni haikupiga bomu hata moja. Mafla bado imepasuka, nimeifunga kwa waya, inachomelewa Jumamosi.